Tablo ya Baba na Nyumba ya Ukumbusho

Jamaa za Likasi, za Kolwezi, za Kambove na za Kipushi, leo ninataka tutembee pamoja. Safari yenyewe haikuwa ya mbali. Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120, na wengi wenu mumepita ile barabara mara nyingi kuliko mimi. Lakini kuna safari fupi zinazomupeleka mutu mbali.

Tulikuwa tumealikwa ku ndoa ya mutoto wa ndugu yangu, siku ya posho. Tulifika mbele ya siku ile: mama yangu mwenye miaka 84, binti yangu anayesoma ku universite, mwana wangu wa mwisho mwenye miaka 13, na mimi. Siku ya tano hatukuwa na kazi. Binti yangu akasema:

– Baba, leo tupeleke Nkambo ku muze.

Muze ndiyo ile nyumba wanamochunga vitu vya zamani na vya ufundi. Nilicheka. Nikamujibu:

– Nkambo anaumwa magoti, na we unataka atembee kuangaria bintu bya kufa?

Mama yangu alinisikia toka mu chumba. Akasema: «Nitaenda. Mi pia niko kitu ya zamani.»

Nkambo na musamo

Muze ya taifa ya Lubumbashi iko katikati ya muji. Ndani kuna baridi kidogo na kimya, na kila mutu anaanza kusema kwa sauti ndogo kama mu kanisa. Watoto walitangulia. Mama alikuja polepole na fimbo yake.

Kitu cha kwanza kilichomusimamisha ni misalaba ya shaba. Siyo misalaba ya kanisa. Wazee wetu waliyeyusha shaba na kuimwanga mu udongo wakati ambapo misionere hajafika bado hapa kwetu. Ilikuwa ni mali: mutu alinunua nayo, alioa nayo, alizikwa nayo. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, wenye elimu ya vitu vya kale walichimba makaburi mwaka 1957 na 1958, wakaikuta imelazwa pamoja na wafu. Ni ile ile iliyowekwa ku bendera ya Katanga mwaka 1960, na ku franga za chuma za mwaka 1961, upande mumoja musalaba na upande mwingine ndizi.

Mama hakusema neno la historia. Alisema: «Baba yangu alikuwa na moja kama hii. Ilikuwa inashikilia mulango, upepo usiufunge.»

Mbele kidogo akaona musamo, kile kiti kidogo cha kulalia kichwa. Pale akasimama kabisa. Akaita watoto:

– Bana, mukuye hapa. Hii haina ya kuangaria tu. Hii njo ya kulalia. Nkambo wangu alikuwa analala juu yake, kusudi nywele isiharibike. Kusuka ile nywele ilikuwa kazi ya siku na siku, na wanawake walikuwa wanasaidiana. Ukiharibu kwa usiku mumoja, nani atarudilia? Na angaria pale katikati: muti unakuwa mweusi juu ya mafuta ya shingo.

Aliweka mukono nyuma ya shingo yake, akainamisha kichwa pembeni, akafunga macho. Watoto wa masomo waliokuwa wakipita na mwalimu wao wakasimama. Mumoja akauliza: «Nkambo, ilikuwa inaumiza?» Akajibu: «Siku ya kwanza inaumiza. Kisha unazoea, na ukilala ku muto unaota vibaya.» Watoto wakacheka. Zamu wa muze akamuletea kiti. Kwa muda wa nusu saa mama yangu, ambaye hakusoma hata mwaka mumoja, alifundisha mu muze ya taifa.

Mimi nilisimama nyuma yao. Karatasi inaweza kukuambia jina la kitu, kabila, na muti uliokichonga. Lakini haina shingo. Nilielewa kwamba kile kitu hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kinangoja mutu wa kukisemea.

Tablo yetu ilienda wapi?

Tulipotoka inje, mwana wangu akaniuliza:

– Baba, na sisi ku nyumba, tuko na kitu gani ya zamani?

Nilitaka kujibu, lakini mama akatangulia. Hakunitazama. «Uliza baba yako ile tablo ya mu saloni ilienda wapi.»

Ndugu zangu, jambo hili sikuwa nimelisema kwa watoto wangu. Nitalisema hapa, sababu najua siko peke yangu.

Baba yangu alikuwa mufanyakazi wa kompani. Mwaka 1974 alinunua tablo kwa fundi aliyekuwa akitembea mu kambi na picha chini ya kwapa. Ilikuwa imepakwa juu ya kitambaa cha mufuko wa unga. Wazee wanaijua namna ile: tuliita «Colonie belge». Unaona lupango ya gereza na bendera ya Wabeleji. Mufungwa mumoja amelazwa chini, anapigwa fimbo. Wafungwa wengine wamevaa nguo zenye mistari. Mukubwa Mubeleji amekaa, anavuta kiko. Pembeni wanawake wamekuja kuona watu wao.

Kila mugeni aliyeingia mu nyumba yetu alikaa chini ya ile picha. Na baba hakuiacha inyamaze. Alikuwa anasema: «Usiangarie ule wa fimbo tu. Angaria ule mama. Ametoka mbali. Chakula kinapoa.» Hapo anaanza kueleza juu ya baba yake mwenyewe, juu ya barabara iliyochimbwa kwa mikono, juu ya kodi. Mu masomo nilifundishwa tarehe. Historia nilifundishwa mu saloni, na bukari mu mukono.

Baba alikufa mwaka 1989. Mwaka 1993 kila mutu wa Likasi anaukumbuka. Jirani zetu wa Kasai walikuwa wakingoja treni ku gare na watoto wao, na mushahara ulikuwa haufiki. Bwana mumoja mugeni alipita akinunua tablo za zamani. Nilimuuliza atatoa nini. Akatoa mufuko mumoja wa unga.

Nilikubali. Tablo iliyopakwa juu ya mufuko wa unga ilienda kwa mufuko wa unga. Tulikula majuma mawili. Ku ukuta ilibaki alama nyeupe, na mama hakukubali tuipake rangi.

Mwana wangu aliposikia vile hakunilaumu. Aliuliza tu: «Na ule mama wa chakula, uso wake ulikuwa namna gani?» Sikuweza kumujibu. Nimekaa miaka karibu ishirini chini ya ile picha, na uso wa ule mama umenipotea.

Picha zilizosafiri

Usiku ule binti yangu akanieleza jambo alilosoma ku universite. Fundi mumoja, Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1947, wakati muji ukiitwa Élisabethville. Kama wale wa kambi yetu, alipaka na kuuzisha kwa watu wa kawaida. Mwaka 1973 na 1974 alipaka historia yote ya inchi yetu toka zamani, tablo 101, kwa mwalimu mumoja wa universite, Johannes Fabian. Kisha kupaka, walikaa wakaongea juu ya kila tablo. Waliongea kwa Kiswahili, hiki hiki chetu cha Shaba, kile wengine wanakicheka. Kitabu juu yake kilitoka Marekani mwaka 1996. Toka miaka ya mwanzo ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena. Tablo zile ziko Amsterdam, mu muze iliyoitwa Tropenmuseum mpaka mwaka 2023.

Binti yangu akaniambia tena kwamba wenye elimu walipouliza watu wa Shaba tablo hizi ni za nini, hawakujibiwa «ni za urembo». Walijibiwa kwa neno moja: ukumbusho. Tablo nzuri ni ile inayokufanya ukumbuke na kufikiri, na kumwambia mwingine.

Nilifurahi, na nilihuzunika. Nilifurahi kwa sababu ufundi wa kambi zetu umechungwa vizuri, hauliwi na muchwa. Nilihuzunika kwa sababu tablo ya ukumbusho inataka mutu aliyekaa chini yake. Kule Amsterdam nani atasema «chakula kinapoa»?

Wazee wetu Waluba walijua jambo hili mbele yetu. Walikuwa na kibao cha muti kinachoitwa lukasa, kimejaa ushanga na alama za kuchongwa. Mwenye kufundishwa alikishika ku mukono wa kushoto, na kidole cha mukono wa kuume kikapita juu ya ushanga, kidogo kidogo, huku akisimulia wafalme, safari na fasi takatifu. Lukasa ni ya kushikwa na ya kusemwa. Ukiiweka nyuma ya kioo bila sauti na bila kidole, umechunga muti, lakini maneno umeyapoteza.

Muji wa madini kama wetu

Ndiyo maana mutu anayejenga muze anapaswa kujiuliza ulizo moja mbele ya kuita mwashi: kitu hiki kilikuwa kinafanya kazi gani mu maisha ya watu, na hapa kitaendelea namna gani kuifanya?

Watu wengine wa madini wamekwisha kujaribu. Kule Ufaransa kuna Le Creusot, muji wa viwanda vya chuma, na karibu yake Montceau-les-Mines, muji wa makaa ya mawe. Jamaa ya Schneider walinunua kiwanda cha Le Creusot mwaka 1836, na kwa zaidi ya miaka mia moja kompani ilikuwa baba na mama: ilijenga nyumba, masomo, hospitali. Sisi tunajua maisha ya namna hii bila kuelezwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa kule, pamoja na wataalamu kama Hugues de Varine, Georges Henri Rivière na Marcel Évrard, walianzisha muze ya namna mpya. Waliiweka mu jumba ambamo patroni mwenyewe alikuwa anakaa. Lakini jumba halikuwa mwisho wake. Walisema: muze ni eneo lote. Nyumba ya masomo ya zamani, nyumba ya mufereji ambamo mashua zilipita, shimo la makaa, vyote ni sehemu zake. Na walisema neno lingine kubwa zaidi: mashini ya kushona ya bibi, taa ya muchimbaji, kikombe cha arusi, vibaki kwa mwenyewe, ku nyumba yake. Muze itaviandika, itaviomba siku ya maonyesho, na itavirudisha. Mwenye kitu anabaki mwenye kitu.

Siseme kwamba kule kila kitu kilienda vizuri. Mwaka 1984 kompani kubwa ya Le Creusot ilianguka, na muze pia ikaona miaka migumu. Nyumba ya ukumbusho inategemea watu, na watu wakikosa kazi wanachoka. Lakini lile wazo halikuanguka.

Na hapa kwetu? Toka mwaka 2000, universite ya Lubumbashi na muze walifanya kazi inayoitwa «Mémoires de Lubumbashi». Waliomba watu wa muji walete vitu vya nyumbani na vya kazi, picha zao, na maneno yao. Kitabu kilichotoka mwaka 2001 kiliitwa kwa Kiswahili: Ukumbusho. Basi mufanyakazi wa kambi aliweza kusema: kitu changu kiko mu muze, na mimi ndiye niliyekielezea.

Mwaka 2006 kijana wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni, akawasimamisha ndani ya picha za leo za viwanda vilivyoharibika. Unaona mababu zetu wamerudi ku kazi, na kazi haiko tena. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha mukutano wa picha wa Lubumbashi, ulioitwa Picha. Mule picha hazikungoja watu ndani ya nyumba tu, zilitoka inje, fasi watu wanapopita.

Nyumba ya namna gani?

Kama siku moja mu miji yetu ya madini tutajenga muze, ningeomba mambo machache. Mimi si arshitekti, ni mwalimu wa masomo ya musingi aliyestaafu.

La kwanza: viti. Katika kila chumba, viti viwili, kimoja cha muzee na kimoja cha mutoto. Mutu anayesimama anaangaria na kupita. Aliyekaa anaanza kueleza. Nimeliona kwa macho yangu siku ile zamu alipoleta kiti.

La pili: sauti. Kila kitu kiandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kifaransa, na sauti ya muzee anayekijua ichukuliwe ku mashini, wakati muzee angali hai.

La tatu: mikono. Kitu chenyewe cha zamani kikae ndani ya kioo, sababu jasho na muchwa ni adui. Lakini fundi achonge mufano wake uwekwe pembeni, watoto waushike, waulalie. Hapo fundi naye atapata kazi.

La ine: mulango. Ufunguliwe siku ya Mungu mangaribi, wakati jamaa ziko pamoja, na uwe ku njia ya soko. Na vitu vitembee: juma moja mu kambi, juma moja mu masomo, juma moja mu chumba cha parokia.

La tano: saloni. Muze iwe na chumba kimoja kama saloni ya kambi, chenye mbabula mulangoni, redio, kitambaa cha kushonwa juu ya meza, na tablo ku ukuta. Siyo kusudi wageni wacheke umaskini wetu, bali kusudi wajue kwamba ufundi wetu uliishi pale, juu ya vichwa vya watu wanaokula.

Najua wengine watasema: «Mwalimu, tumbo kwanza.» Ni kweli. Mimi niliyeuza tablo kwa unga siwezi kumuhukumu mutu. Watoto wangu walikuwa na njaa, na leo tena ningefanya vile vile. Lakini kosa langu halikuwa kuuza. Kosa langu ni kwamba siku ile, mbele ya kuitoa ku ukuta, sikuita watoto wakubwa niwaonyeshe, niwaambie yale baba alikuwa anasema. Nilipoteza kitambaa kwa sababu ya njaa. Maneno niliyapoteza bure, hakuna aliyeninunulia. Na kazi ile ya kuchunga maneno haingoji franga wala jengo.

Mufuko wa unga

Tuliporudi Likasi, mwana wangu alichukua mufuko mutupu wa unga, akaufua, akaukata, akaupigilia ku mbao ine. Akamukalisha Nkambo mu saloni, mbele ya ile alama nyeupe ya ukuta. Akauliza: bendera ilikuwa upande gani? Mukubwa alikuwa na kofia gani? Nkambo akaeleza, yeye akapaka, kwa rangi iliyobaki ya mulango na ya dirisha.

Sitawadanganya: kiko cha Mubeleji kimekuwa kikubwa kama bomba, na miguu ya mufungwa haitoshani. Lakini ule mama wa chakula amekaa vizuri kabisa. Mutoto alimupa uso aliokuwa nao mbele yake, uso wa Nkambo.

Sasa alama ya ukuta imefunikwa. Juzi jirani aliingia kuomba chumvi, akaangaria juu, akauliza: «Hii ni nini?» Mbele mimi nifungue kinywa, mwana wangu akavuta kiti. Akamwambia: «Ikala, mama. Usiangarie ule wa fimbo tu.»

Maulizo ya kuzungumuza ku nyumba na mu vikundi vya vijana

1. Mu nyumba yenu kuna kitu gani ambacho muzee mumoja tu anajua habari zake? Mutamuuliza siku gani?

2. Kitu cha ukumbusho kikiuzwa sababu ya taabu, jamaa inaweza kuchunga nini bado?

3. Kama parokia yenu ingetoa chumba kimoja kwa juma moja, mungeweka vitu gani, na nani angekaa ku kiti kuvielezea?